Guruguru wa Kumi na Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kisu, koti jeupe lenye damu ya ng'ombe wa jana, na muhuri wa wino wa zambarau. Ilikuwa machinjioni, Gitega. Mi nilikuwa kijana wa Magarama, mtoto wa fundi cherehani, nimetoka shule na diploma ya mifugo iliyokunjwa mfukoni, na nilidhani ukaguzi wa nyama ni kugonga muhuri. Aliyenipokea, mzee Salvatori, aliniondolea muhuri mkononi kabla haujagusa paja lolote.

"We mtoto, huo ni wa mwisho," akasema. "Kwanza unashika ini. Unalikata, unalinusa. Halafu unamwangalia mwenye ng'ombe usoni."

Nikamuuliza usoni kuna ugonjwa gani. Akasema iko mingi.

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kazi hii, na nyinyi mnaoingia sasa na simu zenu za kupiga picha kila kitu nawaambia vilevile. Vyeo sitavitaja, waliovipata wanavijua, na waliovikosa wanavijua zaidi. Nitasema niliyoyaona. Nilimwona ng'ombe mwenye choa aliyepakwa rangi ya viatu, nyeusi, imeng'arishwa kwa brashi kabisa, na mwenyewe akalalamika kwamba namchafulia mnyama kwa vidole vyangu. Nililetewa tenga la kuku ambalo chini ya kuku kulikuwa na kwale wa msituni. Niliwahi kupewa sertifika, cheti cha afya, ya kondoo mmoja ikifuatana na mbuzi watatu, na bwana yule akaapa kwa mama yake kwamba wote ni kondoo. Mama yake alikuwa pale. Alitazama pembeni.

Mzee Salvatori alikuwa na sheria moja: karatasi isomwe baada ya mnyama, si kabla. Ukisoma karatasi kwanza, alisema, macho yanaenda kutafuta kilichoandikwa, na yatakiona. Niliishika sheria hiyo miaka yote, isipokuwa wiki moja. Wiki hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Baada ya miaka mingi ya maini nilihamishiwa Muyinga, kwenye kituo cha mpaka wa Tanzania. Pale kazi ilikuwa nyingine. Machinjioni unamdhania mtu mmoja mmoja. Mpakani kamyo moja, lori moja tu, inakuletea dereva, tingo, wakala, mwenye mzigo asiyeonekana, na karatasi za rangi nne. Niliwashuku wote kwa usawa, sikubagua. Hata chai niliyoletewa na madereva niliimwaga, maana chai ya dereva ina swali ndani yake.

Mhudumu wa karantini alikuwa Yeremia. Mtu wa Butihinda, mkulima, alikuwa na miaka kama thelathini na tano hivi. Wazazi wake walikimbia naye akiwa mgongoni, akakulia kambini Tanzania, akarudi na mke na Kiswahili kile cha huko, kilichonyooka, kila neno limevaa shati. Sisi tunasema "gari iko wapi". Yeye anasema "gari lipo wapi". Madereva walimpenda. Walimsalimia kama ndugu, wakacheka naye mambo ya huko ambayo mi siyajui, na mi nikakaa dirishani nawahesabu wanaocheka. Mtu mwenye ndugu pande mbili za mpaka, nilijisemea, huyo wa kumwangalia. Hakuna kosa alilokuwa amefanya. Nilikuwa nalisubiri tu.

Asubuhi moja kamyo ilishusha masanduku mawili ya mbao yenye matundu. Sikusoma karatasi. Nilifungua sanduku, nikarudi nyuma hatua tatu. Niseme ukweli: kwetu Magarama, nyumba ya Waislamu, mjusi kafiri akionekana ukutani kila mtu anavua kandambili. Nimelelewa kwamba huyo ni mnyama wa kuuawa na kuna thawabu juu yake. Sasa humo ndani walikuwa mijusi ambao sijawahi kuona, guruguru wa kijani iliyofifia, wanene, warefu kuliko mkono wangu wote, wamelala wamerundikana. Mmoja alikuwa amezungusha mkia kwenye mti wa sanduku na kushikilia, kama tumbili.

Yeremia hakurudi nyuma. Aliingiza mkono taratibu, akamshika mmoja chini ya kifua.

"Huyu ni wa juu ya miti, mzee," akasema. "Angalia kucha."

Niliziangalia. Zilikuwa zimelika. Mmoja alikuwa na kovu la zamani ubavuni, mwingine mkia ulikatika na kuota upya. Mnyama aliyezaliwa bandani akalishwa kwenye sahani hawi na makovu namna hiyo. Hawa walitolewa msituni, nikasema moyoni, na sasa ndiyo nikasoma karatasi. Iliandikwa: guruguru hai kumi na mmoja, asili yao visiwa vya Solomoni, wameanguliwa kutoka mayai katika shamba la ufugaji, wanapita kwenda uwanja wa ndege Bujumbura na kutoka hapo nje. Wa shambani wanaruhusiwa kusafirishwa; wa msituni ni marufuku. Nikampelekea shefu, mkuu wa kituo chetu.

"Solomoni ndiyo wapi?" nikamuuliza.

"Mi namjua mmoja tu, yule mfalme," shefu akasema. "Karatasi iko na mihuri. We unatafuta nini tena?"

"Kucha zao, shefu. Hawa hawakuzaliwa kwenye banda."

Akanipa wiki mbili. Tukaandika barua Bujumbura kuomba mtu anayewajua wanyama hao, na masanduku yakaingia karantini. Hapo nilikuwa sahihi. Nawaomba mkumbuke hilo, maana baadaye hamtalikumbuka.

Sheria ya karantini ni rahisi: wanyama wanahesabiwa asubuhi na kabla ya kufunga, daftarini watu wawili wanatia saini, mhudumu na mkaguzi. Mengine yote alifanya Yeremia. Muyinga kuna baridi, na guruguru wale walikuwa wa nchi ya joto, kwa hiyo aliwawekea mbabula, jiko la makaa, kwenye kona, mbali kiasi kwamba moshi usiwafikie. Aliwapa boga, papai, majani ya viazi. Walikula kidogo. Halafu nikaanza kuona ule mmea wa kutambaa kwenye kopo, majani kama moyo yenye madoa ya manjano, ule unaopandwa maofisini, unapungua kwenye biro, ofisi ya shefu. Siku ya tatu ulikuwa umebaki kamba.

Nilimvizia Yeremia, nikamkuta na majani mfukoni.

"Hayo ndiyo wanayoyataka," akasema. "Nilijaribu majani ya aina nane. Haya wanayala mpaka kikonyo."

"Na uliomba kwa nani?"

Hakuomba. Ni jani tu, lakini mi nikaliandika kichwani. Mtu anayechukua jani bila kuomba, nilisema, hatashindwa kuchukua mjusi. Nilijua kwamba mijusi wale wangeuzwa ghali huko walikokuwa wanaenda, na kwamba madereva walianza kuniuliza habari zao.

Siku ya sita asubuhi alikuja bironi kwangu bila kofia. Alikuwa na furaha, nakumbuka, uso mzima.

"Shikamoo mzee. Wamekuwa kumi na wawili. Yule mkubwa wa pembeni amezaa."

"Amezaa nini?"

"Mtoto."

Nikaenda naye. Kweli, kulikuwa na mmoja wa ziada, amebanana na jike mkubwa. Lakini alikuwa mrefu kama kutoka kiwiko changu hadi kiganja. Theluthi ya huyo aliyeitwa mama yake. Amefungua macho, ana meno, anashika mti kwa mkia.

"Huyu ndiye amezaliwa leo?"

"Leo alfajiri, mzee. Nimemkuta bado ana maji."

"Yeremia. Mjusi anataga mayai."

"Hawa hawatagi. Hata wale wenye mistari, wa ukutani, hawatagi. Kambini nilimwona mmoja akizaa kwa macho yangu."

"Karatasi inasema mayai."

Nikisikia maneno hayo leo natamani kujipiga kofi. Mi, mwanafunzi wa Salvatori, niliyekuwa nimekataa karatasi ile kwa sababu ya kucha, nikaishika sasa kama msahafu. Na kichwani mambo yakajipanga yenyewe, vizuri sana, kama yalivyozoea kujipanga: kuna mtu wa ng'ambo amemletea mdogo, leo tunaandika kumi na wawili kwa mshangao, kesho mkubwa mmoja anatoka, tunabaki kumi na mmoja, karatasi inalingana, hakuna anayeuliza. Nilijipongeza kwa kuuona mpango kabla haujatimia.

Nikamwangalia usoni, kama nilivyofundishwa. Akainamisha macho. Hilo likanitosha.

Nyinyi ni Warundi, sihitaji kuwaeleza. Mtoto aliyelelewa vizuri hamkazii macho mkubwa wake. Wanangu mwenyewe niliwafundisha hivyo, na asiyefanya hivyo nilimkemea. Kila siku tangu nimfahamu Yeremia aliinamisha macho mbele yangu, na siku zote niliona ni adabu. Siku hiyo moja nikaona ni wizi.

"Huyu mdogo anatoka hapa," nikasema. "Ni kielelezo."

"Mzee, nakuomba mwache na mama yake. Hawa wanakaa pamoja, umewaona wanavyolala. Na kule bironi kwako hakuna makaa."

"Kielelezo hakikai na mtuhumiwa."

Nikamtia kwenye katoni ya sabuni, nikatoboa matundu kwa kalamu, nikaiweka juu ya kabati langu. Halafu nikakaa kuandika rapo, taarifa ya kumshtaki. Ilikuwa rapo nzuri. Kurasa tatu, hakuna neno lililofutwa.

Wakaja watu wawili kutoka mkoani. Wakamkalisha Yeremia kwenye benchi, wakamuuliza nani alimpa mjusi wa kumi na mbili na alikuwa ampe nani mwingine. Akawajibu alivyonijibu mimi. Wakamuuliza tena, akajibu vilevile, kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka, na kadiri kilivyonyooka ndivyo walivyozidi kutomwamini. Mmoja alicheka mpaka akafuta machozi. "Mjusi kajifungua," alisema, "na baba wa mtoto yuko wapi?" Jioni ile Yeremia alirudisha koti na funguo. Alinikabidhi mkononi, kwa mikono miwili. Alikuwa ameanza kupaua nyumba Butihinda.

Mtu wa Bujumbura hakuja. Aliyekuja ni wakala wa mzigo, na viatu vya ngozi, na karatasi nyingine tena. Akaingia karantini, akahesabu kwa kidole.

"Rapo yenu inasema kumi na wawili. Mi naona kumi na mmoja. Nyinyi wenyewe hamjui mko na wangapi, halafu mnazuia mali ya watu kwa sababu ya kucha?"

Shefu akaniangalia. Mi nikaangalia dirisha. Saa sita mchana masanduku yalikuwa juu ya kamyo, na shefu hakunipa tena wiki mbili za kitu chochote.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Gitega, nikajenga nyumba mtaani Musinzira. Kazi ilikuwa ya mezani, na mi si mtu wa meza, kwa hiyo nilisimulia. Kisa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa kile cha mwizi aliyesema mjusi amezaa. Nilikisimulia harusini, matangani, kwenye foleni ya benki. Nilijua mahali pa kutulia na mahali watu watakapocheka. Hata sauti ya Yeremia niliiigiza, ule Utanzania wake, na watu walishika mbavu.

Mwaka niliostaafu nilikisimulia barazani kwangu kwa majirani, pamoja na Madamu Goreti, mwalimu wa biolojia wa lise, shule ya sekondari, mwanamke mkimya anayekuja kuchukua maziwa. Wote walicheka. Yeye alishika chupa yake ya maziwa.

"Baba Zaina," akasema, "huyo mtu alifanywa nini?"

"Alifukuzwa, afanywe nini tena?"

"Guruguru wa visiwa vile wanazaa. Mtoto mmoja, mkubwa, theluthi ya mama yake. Hawana mayai." Akanyoosha kidole ukutani kwangu, ambapo guruguru wetu wa mistari alikuwa anaota jua. "Hata huyo. Unaishi naye nyumba moja."

Nikamwambia karatasi ilisema wameanguliwa.

"Basi karatasi ndiyo iliyodanganya," akasema. "Ungemsikiliza, ungeukamata uongo wa karatasi palepale. Hakuna mtu duniani anayeangua yai la mnyama asiyetaga."

Majirani wakaanza kuangalia viatu vyao. Niliona aibu, nasema wazi, aibu iliyonipandisha joto masikioni mbele ya watu ambao nilikuwa nimewachekesha kwa jina la mtu. Ushahidi nilioutafuta kwa wiki mbili aliuleta Yeremia bironi kwangu bila kofia, na mi nikamtia hatiani nao yeye.

Nilikwenda Muyinga kwanza, ofisini. Walinipokea kwa heshima, wakatafuta dosye, jalada la kesi ile, wakaniambia haiwezekani kubadili kitu ambacho mkaguzi mwenyewe alikithibitisha kwa saini. Wakanionyesha saini. Ilikuwa yangu, imechorwa vizuri. Kwa hiyo nikaandika barua, nikaipigisha chapa, nikachukua taksi ya moto, pikipiki, mpaka Butihinda.

Yeremia alikuwa anapalilia maharagwe. Amezeeka kidogo. Nusu ya nyumba ilikuwa na mabati, nusu turubai. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa jembe. Nimekuwa mtu wa kushuku mpaka msamaha naushuku. Yeye alinisalimia shikamoo, akaita mkewe alete kiti. Nikamweleza yote ya Madamu Goreti. Alisikiliza.

"Mimi nililijua hilo siku ileile," akasema.

Nikampa barua. Alikuwa msomaji wa taratibu. Aliisoma mara mbili, wakati mkewe amesimama nyuma yake, mkono begani kwake.

"Umeandika kwamba ofisi ilipotoshwa. Ilipotoshwa na nani?"

"Na mi."

"Sijaona jina lako."

Nilisema nitaliweka. Akaikunja barua, lakini hakuiweka mfukoni. Aliishika tu.

"Na yule mdogo?" akauliza. "Walimpeleka pamoja na mama yake?"

Jambo hilo nimelipita hapo juu, kama nilivyolipita kwenye kila kitu nilichoandika. Sikuwa nimelisema harusini wala barazani, wala kwa Madamu Goreti. Nilimwambia. Asubuhi ya pili nilifungua katoni, nikamkuta amekakamaa kwa baridi, mkia umeshika ukingo wa katoni na hauachi. Nilimbandua. Nikamtupa kwenye shimo la taka nyuma ya karantini kabla wale wawili wa mkoani hawajafika. Walipofika, nikafungua daftari, nikaandika kumi na mmoja, nikatia saini yangu, na mahali pa mhudumu nikatia ya Yeremia, kwa sababu yeye wakati huo alikuwa kwenye benchi anahojiwa.

Mkewe akaondoa mkono begani kwake.

Mi nilikuwa naangalia chini, kwenye maharagwe.

"Kwa hiyo uliandika kumi na mmoja," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilifukuzwa kwa kusema kumi na wawili."

Akanirudishia barua, kwa mkono mmoja.

"Iandike hiyo," akasema. "Hii rudi nayo Gitega."